Tarehe Nayo Ina Sarufi: Kiswahili Mbele ya Mashine ya Kupanga Chapa

Hakuna sehemu ya maandishi inayoonekana kuwa nyepesi kuliko tarehe. Mwanafunzi huiandika juu ya ukurasa wa daftari kabla hajaanza kufikiri. Karani huigonga kwa muhuri. Mpiga chapa wa zamani aliipanga kwa herufi za risasi pasipo kuuliza neno. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa tarehe ni tarakimu tupu, na kwamba kompyuta ikishajua siku, mwezi na mwaka, kazi imekwisha. Dhana hiyo inafaa kupingwa. Tarehe ni sentensi fupi, nayo ina mpangilio wake wa maneno, sarufi yake na desturi zake katika kila lugha. Ikipangwa na mtu asiyeijua lugha huharibika, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi haionekani kuwa imeharibika.

Zichukuliwe siku nne za historia ambazo kila mwanafunzi wa Tanzania anazijua. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Na Muungano ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964. Ziandikwe sasa kwa tarakimu: 7/7/1954, 9/12/1961, 12/1/1964, 26/4/1964. Msomaji wa Afrika Mashariki hataona tatizo lolote, kwa kuwa amezoea kutanguliza siku. Lakini Mmarekani hutanguliza mwezi. Kwake yeye Tanganyika ilipata uhuru tarehe 12 Septemba, na Mapinduzi yalitokea mwanzoni mwa Desemba. Tarehe ya Muungano haitamdanganya, maana hakuna mwezi wa 26. Ama Saba Saba, isomwe kutoka upande wowote itabaki kuwa Saba Saba. Na Nane Nane ni vivyo hivyo. Waliozipa sikukuu hizo majina kwa tarakimu walichagua, pengine bila kukusudia, siku zisizoweza kusomwa visivyo.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuligeuza jambo hili kuwa zoezi la darasani. Ni siku ngapi katika mwaka zinazoweza kusomwa kwa njia mbili tofauti? Mkanganyiko hutokea pale tu ambapo tarakimu ya siku nayo ingeweza kuwa mwezi, yaani kuanzia 1 hadi 12. Miezi 12 yenye siku 12 kila mmoja hufanya siku 144. Zitolewe zile 12 ambazo siku na mwezi ni sawa, kama 7/7 na 8/8; zinabaki 132. Katika siku 365 hiyo ni zaidi ya theluthi moja. Kwa maneno mengine, kompyuta iliyowekwa kwa desturi ya Marekani, kisha ikatumiwa Morogoro au Kisumu, inaweza kuchapa tarehe yenye maana mbili karibu siku tatu kwa kila nane, na siku zilizobaki ionekane kuwa na kosa dogo tu la kuchekesha. Tarehe ya mgonjwa kurudi hospitali, tarehe ya kwisha nguvu ya dawa, tarehe ya kuzaliwa katika fomu ya mtihani, zote zinaweza kuangukia katika zile 132.

Ili kuona jinsi mambo yalivyofika hapo, inafaa kuitazama programu moja iliyo mashuhuri katika kazi ya kupanga chapa. Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake juu ya sayansi ya kompyuta, akachukizwa na ubaya wa chapa yake. Akaamua kutunga mwenyewe programu ya kupanga chapa, hasa chapa ya hisabati. Programu hiyo huitwa TeX. Aliiandika upya ikatoka mwaka 1982, akaiacha itumike na kila mtu bila malipo, na hadi leo makala nyingi za hisabati na fizikia hupangwa kwa programu zilizojengwa juu yake.

Ndani ya TeX tarehe hukaa katika vikasha vitatu vinavyoitwa \day, \month na \year. Kazi inapoanza, programu huchungulia saa ya kompyuta na kutia tarakimu moja katika kila kikasha. Kikasha cha nne, \time, hupokea idadi ya dakika zilizopita tangu saa sita ya usiku. TeX yenyewe haina amri ya asili ya kuchapa jina la mwezi wala jina la siku ya juma. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mashine ilipewa tarakimu, na kazi ya kutunga sentensi iliachiwa mtu atakayekuja na lugha yake.

Mtu wa kwanza kuja na lugha, kama ilivyotarajiwa, alikuja na Kiingereza cha Marekani. Leslie Lamport alijenga juu ya TeX mfumo rahisi zaidi unaoitwa LaTeX, akaueleza katika kitabu cha mwaka 1986. Humo mna amri \today, maana yake «leo». Amri hiyo imetungwa kama nyumba yenye vyumba kumi na viwili: tarakimu ya mwezi ikiwa 1 hufunguliwa chumba cha January, ikiwa 2 cha February, na kuendelea, kisha huchapwa siku, halafu mkato, halafu mwaka. Ni sentensi sahihi kabisa kwa mtu wa California. Mwanafunzi wa Dodoma anayeandika tasnifu yake kwa Kiswahili bila kuuambia mfumo chochote atapata tarehe ya California kwenye jalada.

Amri hiyo ina mtego mwingine ambao hauna uhusiano na lugha, lakini unastahili kutajwa kwa faida ya wanafunzi. «Leo» ya kompyuta ni siku ambayo kazi imeendeshwa, si siku ambayo barua iliandikwa. Barua ya maombi iliyoandikwa Machi, ikifunguliwa na kupangwa upya Agosti, itatoka na tarehe ya Agosti, na mwandishi huenda asitambue. Programu za kawaida za kuandikia barua zina amri kama hiyo, na mtego wake ni ule ule. Waraka ambao tarehe yake ina uzito wa kisheria uandikwe tarehe kwa mkono wa mwandishi, si kwa amri.

Baada ya Wamarekani walikuja watu wa Ulaya, na hapo ndipo ilipodhihirika kuwa kubadili majina ya miezi peke yake hakutoshi. Mwingereza alitaka siku itangulie. Mjerumani alitaka nukta baada ya tarakimu ya siku, kwa sababu kwake nukta hiyo hugeuza «nne» kuwa «ya nne». Mhispania huunganisha sehemu zote kwa neno «de». Mkatalani naye hutumia «de», ila mbele ya mwezi unaoanza na irabu, kama Aprili, Agosti na Oktoba, neno hilo hufupishwa na kushikana na jina la mwezi. Mfaransa ana desturi ya ajabu kidogo: siku ya kwanza tu ya mwezi huandikwa kwa namba ya mpangilio, «1er», na siku nyingine zote huachwa tarakimu tupu. Mpolandi ana majina mawili kwa kila mwezi: Januari ikisimama peke yake ni «styczeń», lakini ikifuata siku ni «stycznia», kwa kuwa sarufi inadai maana ya «ya Januari». Kirusi hali kadhalika. Mhangaria na Mjapani huanza na mwaka. Mtu aliyedhani kuwa kazi ni kuchomoa jina moja na kuchomeka jingine katika nafasi ile ile ya Kimarekani alijikuta amekwama.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mholanzi Johannes Braams alianza kukusanya suluhisho hizo katika furushi moja aliloliita babel, kwa kukumbuka ule Mnara wa Babeli. Kila lugha ilipewa faili yake, na ndani ya faili hiyo wenye lugha waliandika maneno yao ya «Sura», «Yaliyomo» na mengineyo, pamoja na sentensi yao ya tarehe. Mfano wa Austria unastahili kuangaliwa kwa makini. Waaustria huandika Kijerumani, na tarehe zao hupangwa kama za Wajerumani, isipokuwa Januari wao huiita «Jänner» badala ya «Januar». Tofauti ni neno moja. Babel iliwapa Waaustria utaratibu wao, wala hakuna aliyesema kuwa neno moja ni dogo mno.

Je, Kiswahili kiko wapi katika habari hii? Kipo, na si haki kulalamika kana kwamba kimesahauliwa kabisa. Shirika la Unicode, ambalo hutunza orodha ya herufi za lugha za dunia, tangu mwaka 2004 limekuwa likitunza pia hazina ya desturi za lugha inayojulikana kwa kifupi kama CLDR. Simu, kompyuta na mifumo mingi ya uchapaji huchota humo, na babel ya siku hizi pia huchota humo. Kiswahili kimo, pamoja na matawi yake ya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Majina ya miezi ni yale yanayofundishwa shuleni. Tarehe kamili huchapwa hivi: «Jumanne, 5 Mei 2026». Kwa tarakimu, siku hutangulia mwezi. Yote hayo ni sawa. Lililokosekana ni mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua, na ambayo mwenyeji hakuulizwa au aliulizwa akanyamaza.

La kwanza ni siku ya kwanza yenyewe. Mswahili hasemi «tarehe moja Mei». Husema «tarehe mosi Mei», na sikukuu ya wafanyakazi huitwa Mei Mosi. Kwa Kiswahili fasaha siku inayofuata ni «tarehe pili», na tarakimu za kawaida huanza kwa tatu. Desturi hii ni ndugu wa karibu wa ile ya Wafaransa. Tofauti ni kwamba «1er» ya Mfaransa imewekewa sharti lake katika mifumo ya kupanga chapa tangu zamani, lakini «mosi» haikuwekewa. Kwa mtunga programu ni kazi ya mistari miwili: tarakimu ya siku ikiwa 1, chapa mosi, ikiwa 2, chapa pili. Basi tatizo haliko kwenye ufundi. Hakuna chombo kilichotamka kuwa hivyo ndivyo inavyotakiwa katika maandishi rasmi, na bila tamko mtunga programu hana cha kufuata.

La pili ni neno «tarehe» lenyewe. Katika Kiingereza neno hilo halitokei ndani ya sentensi ya tarehe, kwa hiyo mfumo hautarajii kuliona. Katika Kiswahili ni kama kiungo cha mwili: «kilichapishwa tarehe 5 Mei», «mkutano utafanyika tarehe 3 hadi 5». Ni nani atakayelichapa, mwandishi au mashine? Wakilichapa wote wawili inatoka «tarehe tarehe 5 Mei». Asipolichapa yeyote inatoka «kilichapishwa 5 Mei», ambayo inaeleweka lakini inasikika kama telegramu. Na mashine ikitanguliza jina la siku, mwandishi aliyekwisha kuandika neno hilo hupata «tarehe Jumanne, 5 Mei», kauli ambayo mwalimu yeyote wa lugha angeitia wino mwekundu. Mpangilio ulio bora ni «Jumanne tarehe 5 Mei 2026», na mfumo unapaswa kuwa na sentensi mbili tofauti, moja ya kusimama peke yake juu ya barua na nyingine ya kuingia katikati ya aya. Wapolandi walipewa njia mbili kwa sababu ya sarufi yao. Kiswahili kina sababu yenye nguvu sawa.

Majina ya siku za juma nayo yanahitaji uangalifu. Kiwango cha kimataifa cha tarehe, ISO 8601, kilichotolewa kwanza mwaka 1988, huhesabu Jumatatu kuwa siku ya 1. Mswahili wa pwani alianza kuhesabu baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini, kwa hiyo Jumamosi ndiyo ya mosi, Jumapili ya pili, na Jumatatu, kama jina linavyotamka, ni ya tatu. Mtu anayetaka kupata namba ya Kiswahili kutoka namba ya kimataifa aongeze 2, na jumla ikizidi 7 atoe 7. Hesabu hiyo hufanya kazi hadi Jumatano. Kisha huja Alhamisi, ambayo ni «ya tano» kwa Kiarabu. Juma la Mswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na mtunga programu anayejaribu kukisia tarakimu kutokana na jina atapotea hapo.

Kongo ni habari nyingine tena. Katika Kiswahili cha mashariki ya nchi hiyo Jumatatu husemwa «siku ya kwanza», Jumanne «siku ya pili», na miezi huhesabiwa kwa namba, «mwezi ya kwanza», «mwezi ya pili», badala ya kuitwa Januari na Februari. Mtu wa Mombasa akiahidiwa kitu «siku ya pili» na mtu wa Bukavu anaweza kufikiri ni Jumapili, kumbe ni Jumanne. Wako watakaosema kuwa hicho si Kiswahili sanifu na hakistahili kuingizwa katika mashine. Hoja hiyo ni dhaifu. Kazi ya mfumo wa kupanga chapa ni kuandika tarehe ambayo msomaji ataielewa, si kumtahini. Waaustria walipewa njia yao kwa neno moja. Mamilioni ya watu wa Kongo wanatofautiana na sanifu kwa karibu kila neno la tarehe.

Lakini jambo zito kuliko yote ni saa, kwa kuwa tarehe na saa haziachani. Kwa Mswahili saa huanza kuhesabiwa macheo na machweo. Saa moja ya asubuhi ndiyo ile ambayo kompyuta huiandika 7:00. Kanuni ni kutoa sita, na kila mtoto wa Afrika Mashariki huifanya kichwani anapotazama mishale. Mashine haiifanyi. Ikiambiwa iandike kwa Kiswahili huchukua 7:00 na kuibandika neno «asubuhi» au «saa». Matokeo yake ni maandishi ya Kiswahili yenye saa ya Kiingereza: «saa 7:00». Msomaji mmoja ataelewa saa moja ya asubuhi, na mwingine saa saba ya mchana. Ichukuliwe ratiba ya mitihani iliyochapwa hivyo na kubandikwa ukutani. Mtahiniwa aliyesoma kama kawaida ya lugha yake anafika mlangoni wakati wenzake wamekwisha kukusanya karatasi, na hana kosa lolote la kusoma. Katika hali ya sasa ratiba yoyote ya Kiswahili haina budi kutaja sehemu ya siku, na ikiwezekana kuandika saa kwa maneno: «saa moja kamili asubuhi».

Usiku ndipo ugumu unapozidi. Kompyuta hugeuza tarehe saa sita ya usiku. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, siku hugeuka jua linapotua, ndiyo maana wazee wakisema «usiku wa Ijumaa» huwa na maana ya usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Kati ya hesabu hizo mbili Waswahili walitunga kauli ambayo haina mfano katika mifumo ya kompyuta: «usiku wa kuamkia». Basi linaloondoka saa kumi za usiku, yaani 4:00 kwa kompyuta, litaandikwa katika tiketi kuwa ni la tarehe 5. Msafiri asiyejua atalala usingizi wake usiku wa tarehe 4, aamke, ashinde mchana wa tarehe 5, kisha aende kituoni usiku, basi likiwa limeondoka karibu saa ishirini kabla. Tiketi ambayo ingeandikwa «usiku wa tarehe 4 kuamkia tarehe 5 Mei, saa kumi» isingemwacha mtu. Kauli hiyo ina tarehe mbili kwa tukio moja, na mifumo yote iliyotajwa hapo juu imejengwa kwa dhana kuwa tukio moja lina tarehe moja. Si kwamba haiwezekani kuiongeza. Sharti lake ni rahisi: saa ikiwa kati ya saa sita za usiku na alfajiri, chapa tarehe iliyotangulia, chapa «kuamkia», kisha chapa tarehe yenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejifunza kutunga programu anaweza kuimaliza kwa alasiri moja, ikiwa atakumbuka kwamba usiku wa kuamkia tarehe mosi unamrudisha katika mwezi uliopita.

Kalenda ya Hijra inagusa maisha ya wengi, ingawa hapa itapitiwa kwa ufupi. Barua za kale za pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilitiwa tarehe za mwezi mwandamo, na miezi hiyo ilipewa majina ya Kiswahili: baada ya Ramadhani huja Mfungo Mosi, Mfungo Pili, na kuendelea hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Mashine za leo zinajua kukokotoa Hijra, lakini mahali ambapo mwezi husubiriwa kuonekana kwa macho, hesabu inaweza kukosea kwa siku moja. Kadi ya mwaliko wa Idi isiachiwe mashine.

Wako wataalamu wanaojibu hoja zote hizi kwa neno moja: tarakimu. Waseme watu wote 2026-05-05 kama kiwango cha ISO kinavyoelekeza, mwaka kwanza, mwezi, kisha siku, na ugomvi utakwisha. Ushauri huo ni mzuri kwa mahali pake. Faili zikipewa majina hayo hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa miaka, na hakuna anayeweza kugeuza mwezi kuwa siku. Kila kumbukumbu ya maabara na kila orodha ya kompyuta ingefaa kutumia namna hiyo. Hata hivyo hakuna anayemwalika mjomba wake harusini tarehe 2026-05-05. Mashine itunze tarakimu kwa utaratibu wa kimataifa, na inapofika zamu ya kuchapa kwa macho ya mtu, itunge sentensi kwa sarufi ya mtu huyo. Hivyo ndivyo vikasha vitatu vya Knuth vilivyokusudiwa tangu mwanzo.

Wengine husema kuwa anayetumia kompyuta anajua Kiingereza, kwa hiyo hasara haipo. Mtumiaji wa kompyuta pengine anakijua. Tiketi, ratiba, kadi ya kliniki na cheti ambavyo kompyuta hiyo huvitoa vinasomwa na watu wengine kabisa.

Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, pamoja na Baraza la Kiswahili la Zanzibar na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vina mamlaka na wataalamu wa kutosha kuketi na kuandika: je, ni tarehe 1 au tarehe mosi, neno «tarehe» liingie wapi, siku ya juma itenganishwe kwa mkato au la, saa iandikwe kwa hesabu ipi katika maandishi ya Kiswahili, «kuamkia» itumike lini. Ukurasa huo ukishapatikana, hazina ya CLDR hupokea mapendekezo ya watu wa nje, na babel, inayotunzwa sasa na Javier Bezos wa Hispania, ni programu huria ambayo yeyote anaweza kuitumia masahihisho. Lugha ndogo za Ulaya zilifanya hivyo kwa kazi ya mtu mmoja au wawili wenye subira. Ni aibu kidogo kwamba lugha yenye mabaraza rasmi imeacha mambo hayo yaamuliwe na mfano wa Kiingereza.

Shule zinaweza kuanza bila kusubiri. Darasa moja likusanye kwa muda wa juma zima kila tarehe inayoonekana: kwenye tiketi, magazeti, dawa, matangazo ya ukutani, vitabu vya maktaba, na ujumbe wa simu. Kila moja inakiliwe kama ilivyo, pasipo kusahihishwa. Itaonekana kwamba Machi hufupishwa «Mac» mahali pamoja na «Mach» mahali pengine. Itaonekana pia kuwa vijana wamekwisha kujitungia vifupisho vya siku za juma ambavyo hakuna baraza lililovipitisha: J1 kwa Jumamosi, J2, J3, J4, J5, navyo vinaenea vizuri katika safu nyembamba ya ratiba. Alhamisi na Ijumaa hazina tarakimu, na kwa Alhamisi kila mwandishi wa ratiba hujitafutia njia yake: mmoja huandika Alh, mwingine Al, na wengine huweka Th ya Kiingereza katikati ya juma la Kiswahili.